Mtoto Aliyekataa Kuinama

Mwaka niliosomea mtihani wa uuguzi wa watoto mahututi, nyumba yetu ya Kitengela haikuwa na amani. Kitabu kilikuwa kila mahali: kando ya sufuria, chini ya mto, na chooni pia, msinicheke. Mume wangu, fundi wa malori ambaye hajawahi kumdunga hata mbuzi sindano, ndiye aliyekuwa mtahini wangu. Jioni akitoka gereji ananawa grisi kwa sabuni ya unga, anaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, anafungua kitabu na kusoma swali kwa sauti ya mhubiri. Majina ya dawa aliyavunjavunja mpaka jirani akawa anaangua kicheko ng'ambo ya ukuta. "Wewe cheka tu," nilimwambia jirani, "siku mtoto wako akizidiwa utanitafuta." Yule mama akacheka zaidi, maana ananijua.

Kilichonikera katika mtihani ule ni neno moja: kwanza. Mtoto ameletwa akiwa hivi na hivi, utafanya nini kwanza? Halafu unapewa majibu manne, na yote manne ni mambo mazuri ambayo muuguzi yeyote mwenye akili zake angeyafanya. Nilikuwa nagombana na kitabu waziwazi. "Nitafanya yote! Mikono niko nayo miwili na wenzangu wako!" Mume wangu anafungua kurasa za majibu kule nyuma, anakohoa kidogo, anasema, "Kitabu kinasema umekosa, mama." Hapo sukuma wiki inaungua, na lawama ni zake.

Sikuwa nasoma kwa kujionyesha. Hospitali ninayofanya kazi kule Kajiado ilikuwa imefungua chumba cha watoto mahututi, vitanda vichache na monita mpya zinazolia kwa kila kitu. Kabla ya hapo, mtoto akizidiwa tulimweka kwenye ambulensi tukamsindikiza hadi Nairobi, na barabara ile ya Namanga ikiwa na malori yake, kuna watoto hawakufika. Nimeshika mkono wa mtoto mmoja mahali fulani baada ya Isinya, na zaidi ya hapo sisemi. Nilitaka watoto watibiwe pale pale, na mimi niwe ninajua ninachofanya.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa magharibi, kwetu mtoto anasalimia kwa mkono. Huku Umaasaini mtoto anakuja mbele ya mtu mzima, anainamisha kichwa, anangoja, na wewe unamwekea kiganja utosini. Siku yangu ya kwanza kazini, kitoto fulani kilikuja kikainama mbele yangu. Nikadhani kimeangusha kitu. Nikainama na mimi, tukawa wawili tunaangalia sakafu, mimi nikiuliza, "Ni shilingi? Ni kifungo?" Wamama waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje.

Sasa nimezoea, na nimegeuza salamu ile kuwa sehemu ya kazi yangu. Kiganja kikitua utosini nimeshajua kama mtoto ana homa, kama ana jasho baridi, na kwa wale wachanga wanaobebwa, kama utosi umebonyea kwa kukosa maji. Mama hajui kwamba nimempima mtoto wake, na mtoto hajaona kifaa cha kumtisha. Ndiyo maana nikienda kunywa chai ya saa nne huwa napitia kwa wagonjwa wa nje, pale kwenye benchi refu. Watoto wanainama mmoja baada ya mwingine, nami napita nikigusa, nikigusa.

Siku hiyo ninayotaka kuisimulia nilikuwa na njaa na kichwa kilikuwa kimejaa kitabu. Nikagusa wa kwanza, nikagusa wa pili, nikafika kwa msichana wa miaka kama sita aliyesimama kando ya nyanya yake. Nyanya akanisalimia, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Nikanyosha kiganja kwa mtoto. Hakuinama.

Alisimama wima, mikono imelala ubavuni, macho ameyafinya kwa sababu ya mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni. Benchi zima likageuka kuangalia. Huku, mtoto kukataa kuinama mbele ya mtu mzima ni aibu ya nyumba nzima, na bibi mmoja mwembamba alifyonya kwa nguvu ili kila mtu asikie. Nyanya wa mtoto akashika shuka lake kifuani.

"Sista, nisamehe," akaniambia. "Hii mtoto imeharibika. Tangu jana inakataa. Hata mzee alikuja kwa boma, imekataa. Mimi naona haya."

"Nini kimemleta hospitali, Koko?" nikamuuliza. Koko ndivyo nyanya anavyoitwa huku.

"Homa tu. Homa na kutapika. Hiyo si kitu. Shida ni hii kiburi."

Nilimwita mtoto kutoka upande mwingine, polepole, ili aniangalie. Watoto wote wangegeuza shingo. Yeye aligeuka mwili mzima, miguu na mabega pamoja. Kabla sijasema neno, Koko alimwekea mkono kisogoni na kumsukuma ainame, kwa adabu kabisa, kama anavyomfundisha mtoto yeyote. Mtoto akatoa sauti nyembamba na magoti yake yakakunjika yenyewe.

"Koko, wacha! Usiguse shingo!"

Nilipiga kelele kweli. Sijawahi kumpigia kelele bibi wa mtu, na kwetu ningelaaniwa. Lakini lile la magoti nilikuwa nimelisoma wiki hiyo hiyo, mume wangu akiwa amelirudia mara mbili kwa sababu lilimshangaza: ukikunja shingo ya mtoto mwenye ugonjwa ule, magoti yanajikunja bila yeye kutaka. Utando unaofunika ubongo umevimba. Wengi wanauita homa ya uti wa mgongo. Mtoto huyu hakuwa na kiburi hata chembe, shingo yake ilikuwa imekauka.

Nikambeba, kichwa chake nimekituliza begani, nikaanza kwenda. Mwanamume mmoja kwenye foleni akalalamika kwamba wao wako pale tangu asubuhi na namba zao wanazo. "Baba, ukitaka mbadilishane na huyu mtoto, sema sasa hivi," nikamwambia bila kusimama. Baadaye nilisikia ni yeye aliyemshika Koko mkono akamwonyesha njia ya kunifuata, kwa hiyo nimemsamehe.

Ndani ya chumba chetu kulikuwa na mwenzangu wa shifti na daktari wetu, kijana mpole ambaye hata jengo likishika moto atasema "jamani, tutoke." Tulimlaza. Oksijeni usoni. Sindano kwenye mshipa, na hapo hapo tone la damu kwenye kipima sukari. Sukari ilikuwa chini sana, akapewa. Akashikwa na degedege, tukaituliza kwa dawa. Swali likawa kama tumchome sindano ya mgongoni kwanza ili tujue ni mdudu gani, au dawa iingie kwanza. Daktari aliniangalia. "Dawa," nikasema, "ya mgongo ingoje." Akatikisa kichwa kukubali, naye alikuwa ameshafungua kichupa. Mtoto aliyekuwa akipata degedege na macho mazito vile huenda kichwani mna shinikizo kubwa, na sindano ya mgongo inaweza kumuua; na kila dakika bila dawa mdudu anakula ubongo. Kwa hilo mimi na kitabu tulikubaliana.

Alipotulia kidogo nilitoka kumtafuta Koko. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, viti viko. Nikakaa naye hivyo hivyo, na sare yangu nyeupe.

"Hakukataa, Koko," nikamwambia. "Alishindwa. Ndani ya kichwa kumevimba, mpaka huku kwa mgongo. Akiinama anasikia uchungu mwingi sana."

Mkononi alikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, kile kilichoanguka njiani.

"Jana usiku nilimnyima maziwa," akasema. "Mzee alikuja, yeye akasimama tu hivi kama mti. Nikamwambia, mtoto hana heshima hana maziwa. Akaenda kulala."

"Angeyatapika, Koko. Maziwa hayangezuia ugonjwa huu."

"Najua. Lakini alienda kulala nikiwa nimemkasirikia, na alikuwa mgonjwa."

Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi, ingawa Kajiado siku hiyo ilikuwa imenyeshewa. Alipouliza kama atapona, nilimweleza jinsi daktari alivyonieleza mimi. Anaweza kutuacha. Anaweza kuishi lakini ugonjwa ukaondoka na kitu: macho, masikio, akili, miguu. Na anaweza kutoka mzima. "Mimi nataka mzima," nikamwambia, na nilimaanisha kuliko nilivyowahi kumaanisha kitu kazini. Koko akasema "Ashe," yaani asante, akainuka, akaniuliza choo kiko wapi.

Siku zilizofuata zilikuwa za utulivu, ule wa kazi. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa kidogo, kichwa cha mtoto kimenyooka katikati, kisilale kushoto wala kulia, taa imepunguzwa, sauti chini. Mboni za macho tulizimulika kwa tochi saa baada ya saa. Mkojo tuliupima. Tulichunga mapigo ya moyo yasishuke huku presha ikipanda, maana hivyo viwili vikija pamoja ubongo unabanwa. Mtu akiangalia kutoka nje angedhani hatufanyi chochote.

Vita vyangu vilikuwa mlangoni. Ukoo mzima ulikuja kumwona, kutoka Bissil, kutoka Mashuuru, na kila mmoja alitaka kumwekea kiganja kichwani, kwa maana hiyo ndiyo salamu na hiyo ndiyo baraka. Nikasimama pale nimeshika kiuno. "Leo hakuna kichwa. Gusa mguu." Mzee mmoja mrefu, mwenye koti zito na kofia, aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mguu?" akauliza.

"Mguu, mzee."

"Mtoto anasalimiwa mguu?"

"Wa chumba hiki, ndiyo."

Alifikiria. Kisha akavua kofia, akaingia kwa kunyata, akaweka vidole vyake vikubwa juu ya unyayo wa mtoto, akaomba kimoyomoyo. Alipotoka akamwambia anayefuata, kwa ukali kunishinda mimi, "Ni mguu." Kuanzia hapo sikuwa na kazi tena mlangoni. Koko peke yake hakugusa chochote. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, akiogopa mikono yake mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko monita zote.

Mtihani uliangukia Jumamosi, mtoto akiwa bado hajafungua macho vizuri. Nilimwambia mume wangu siendi. Akaniambia, "Utaenda. Nimejifunza majina ya dawa zote hizo bure?" Nikaenda Nairobi, nikakaa mbele ya kompyuta katikati ya vijana waliovaa vizuri wanaonukia manukato. Maswali yalikuja, kwanza, kwanza, kwanza, na ajabu ni kwamba hayakunikasirisha tena. Halafu likaja moja: mtoto amepona homa ya uti wa mgongo, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani ni kipimo gani hakifai kusahaulika? Jibu nililijua bila kusoma machaguo. Usikivu. Nikabonyeza, na mkono ukabaki pale pale juu ya kompyuta kwa sababu nilikuwa nimekwepa kuliwaza jambo hilo juma lote. Nilipita mtihani ule, kwa mnaotaka kujua, lakini siku hiyo nilitoka pale nikiwa na hofu moja tu.

Jumatatu nilimkuta ameamka! Ameegemea mto, amekonda, anauliza kuhusu kambuzi kake fulani kama kamenyonya. Shingo ilikuwa imelegea, anaweza kuigeuza. Alijua jina lake, la babake, la mbuzi. Miguu ilisukuma mkono wangu kwa nguvu ya kunifurahisha. Mwenzangu alipiga vigelegele, vya kunong'ona, kwa sababu ni chumba cha wagonjwa. Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi sana.

Kisha nikamwita kutoka upande wa kushoto, naye akaendelea kuchezea bomba la sindano tulilomwachia, lisilo na ncha. Nikamwita tena. Nikaenda kulia, nikamwita kwa sauti ile ile, akageuka na kutabasamu. Nilirudi kushoto na kusugua vidole karibu na sikio, nikijiambia labda ana usingizi. Hakuwa na usingizi. Alikuwa anahesabu shanga za mkononi mwake.

Asubuhi iliyofuata tulimpeleka kwa mtaalamu wa masikio, akamvalisha vile visikilizio na kumwambia ainue mkono akisikia mlio. Sikio la kulia aliinua kila mara. La kushoto mkono ulilala mapajani mpaka mwisho. Daktari akasema atamweleza babake, ambaye alikuwa njiani kutoka mnadani, na kwamba afadhali familia isikie kutoka kwake kwa utaratibu. Sawa. Nikaingia stoo ya mashuka, nikalia kidogo, nikanawa uso. Nilikuwa na shukrani na nilikuwa na hasira, zote kwa pamoja, na sijui mpaka leo ni ipi iliyokuwa kubwa.

Niliporudi Koko alikuwa amefika. Dripu ilisimama upande wa kulia wa kitanda, kwa hiyo alikuwa ameweka stuli yake kushoto, mahali penye nafasi. Nilijishughulisha na kazi zangu pale mguuni mwa kitanda. Nikamwona anavua shanga za shingoni ili zisipige kelele, anaziweka mapajani, anainama mpaka midomo yake ikakaribia sikio la mtoto. Akaanza kusema.

Kimaa changu si kingi, lakini cha kusikiliza kinatosha. Alimweleza habari za jioni ile. Yule mzee mgeni alivyokuja. Yeye alivyoona haya mbele ya mgeni, na jinsi haya ile ilivyomfanya asimwangalie mtoto usoni, maana angemwangalia angeona ugonjwa. Akasema, nilikosea, mwanangu. Huku, na hata kwetu, mtu mzima haombi mtoto msamaha. Mimi sijawahi kuombwa na nyanya yangu, na alikuwa na mengi ya kuombea msamaha. Koko aliusema mpaka mwisho, polepole, bila kuruka kitu. Halafu akangoja.

Mtoto alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye blanketi. Akauvuta, akauzungusha kidoleni, akauvuta tena. Hakugeuka.

Koko aliketi wima. Hakuwa analia. Aliniangalia na kuniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Imekataa. Ni haki yake."

Najua utaratibu. Najua kwamba habari kama ile haisemwi na muuguzi mwenye sinia ya dawa mkononi, na babake alikuwa karibu kufika. Lakini sikuweza kumwacha mama mzima amekaa pale na jambo lile kifuani, hata kwa saa moja.

"Koko, hajakataa," nikasema. "Hilo sikio halisikii. Ugonjwa umeenda nalo. Hajasikia hata neno."

Aliliangalia sikio, dogo, safi, lenye tundu la hereni tayari. Akaliangalia muda mrefu. Nikaogopa nimefanya vibaya.

"Na hiyo ingine?" akauliza.

"Hiyo ingine inasikia vizuri kabisa."

Nikaisukuma dripu ikaenda ukutani, nikachukua stuli, nikaiweka upande wa kulia. Koko alizunguka kitanda akishika chuma chake, hatua kwa hatua, akaketi, akainama, akaanza tena kutoka mwanzo, kwa mgeni aliyekuja jioni ile. Mtoto akauacha uzi.